Stata ya Bure

Huku kwetu Shighatini, milimani, tumepewa stata ya bure: mteremko. Ndiyo maana mwenye gari lililozeeka akitafuta nyumba ya kupanga haulizi maji, anauliza uwanja umeinuka kiasi gani. Jioni gari huegeshwa pua ikitazama bondeni, jiwe chini ya tairi. Alfajiri, na baridi yetu ile, jiwe linatolewa, gia ya pili, klachi inaachiwa, limewaka. Betri ni ya kupigia honi.

Taa ya injini? Ilibandikwa utepe mweusi, ikapona. Wajanja zaidi huchomoa waya wa betri ili kompyuta ya gari isahau kosa; ubovu hausahau.

Halafu wapo walioendelea, wenye gia otomatiki. Gari la hivyo lisukume hadi Mwanga mjini, haliwaki: pampu ya gia hungoja injini izunguke kwanza. Fundi akileta kimashine cha kusomea kosa, anaambiwa anakula hela za watu. Basi inanunuliwa sensa, kisha plagi, kisha pampu ya mafuta. Vichwa vya betri vimeota ukungu mweupe, havijaguswa, maana vinataka maji ya moto na mswaki mkuukuu tu, na bosi ana hadhi yake.