Bibi Kobe na Kompyuta ya Ushirika

Wanyama wa bonde la Ruvuma walikuwa na chama chao cha msingi cha korosho. Mwenyekiti alikuwa Tembo, mtunza ghala Kiboko, na karani Digidigi, mwembamba wa miguu na mwepesi wa hesabu. Mwanachama alileta magunia yake, yakapimwa kwenye mzani, yakatengwa daraja la kwanza na la pili, kisha Digidigi akaingiza kilo kwenye kompyuta mpakato ya chama na kumpa stakabadhi. Bila stakabadhi hakuna mnada, na bila mnada hakuna ada ya shule wala bati la nyumba.

Asubuhi moja ya Novemba, msimu umepamba moto na foleni imefika kwenye mbuyu, kishale kiliganda katikati ya skrini. Digidigi alipitisha ncha ya pua yake juu ya tachipadi, kama alivyozoea, maana tachipadi haisikii kwato. Kishale hakikusogea. Akapitisha tena. Wapi!

"Tachipadi imegoma," akasema kwa sauti ndogo.

Kasuku alilisikia neno hilo dirishani akalibeba. Katikati ya foleni lilikuwa limegeuka kuwa "karani ameharibu kompyuta." Lilipofika kwenye mbuyu lilikuwa "karani amekula fedha za korosho."

Tembo akaja. "Kinachokataa kazi hukandamizwa mpaka kikubali," akasema, akaweka mguu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tafadhali!" Mwalimu Korongo akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Kifaa hicho, tangu Apple ilipokitia kwenye PowerBook zake mwaka 1994, husoma mguso kwa umeme, si kwa kukandamizwa. Chini ya uso wake kuna nyuzi za umeme zilizopishana, wima na mlalo. Ngozi ikikaribia, chaji kidogo huhama, na kompyuta ikajua ni wapi palipoguswa. Ukikandamiza utavunja tu."

Tembo akajibu kwamba Mwalimu si mjumbe wa kamati, lakini mguu akauondoa.

Nyani naye akajitokeza, kwa kuwa aliwahi kulala jirani na duka la kompyuta mjini. Akatangaza kuwa hivyo ni virusi, na dawa ni kufuta kila kitu kilichomo. Kilichomo kilikuwa kilo za wanachama wote tangu msimu uanze. Digidigi akaikumbatia kompyuta kwa miguu yote minne.

Nje ya ua, Fisi wa kangomba, mnunuzi wa korosho zisizopita mnadani, alikuwa amekwisha kutandika mkeka na kuweka kibaba chake. "Kwani lazima mnada, ndugu zangu?" akasema kwa upole. "Nipimieni mimi, pesa taslimu hapa hapa." Bei yake haikufika nusu ya ile ya mnada, lakini mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada hana nafasi ya kubishana. Gunia la kwanza likaenda. La pili likafuata.

Kamati ikakutana chini ya mwembe. Ajenda ya kwanza ilikuwa posho, nayo ikapita bila mjadala. Ya pili, karani asimamishwe kwa uzembe. Ya tatu, inunuliwe kompyuta mpya kwa shemeji yake Fisi. Ya nne, wanachama wawe na subira kwa wiki mbili. Kiboko aliunga mkono zote nne bila kuinuka, kwa sababu msimu ule kuinuka kulikuwa kumemwia kazi.

Wakati wanapiga muhuri, Bibi Kobe alikuwa amefika dirishani na kigunia chake kimoja. Alitoka kwake alfajiri, na hakuwa tayari kurudi na mzigo.

"Shikamoo, bibi," Digidigi akasema huku akifuta machozi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nieleze. Ilianza lini, na kabla haijaanza, nini kilibadilika?"

Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza Digidigi swali. Akafikiri. Hakuweka programu mpya. Haikuanguka wala kumwagikiwa maji. Ila tangu wiki iliyopita kubonyeza tachipadi kulikuwa kugumu, kama haitaki kuzama.

"Jibu hilo tuliweke akiba," Bibi Kobe akasema. "Sasa tuanze na lisilogharimu kitu."

Wakaizima kabisa kompyuta. Wakaipangusa tachipadi kwa kitambaa kikavu, na Digidigi akakausha pua, kwa kuwa majimaji na jasho huzipotosha zile nyuzi. Wakaiwasha. Bado. Wakatazama safu ya juu ya kibodi, wakakuta kitufe chenye picha ya kijisanduku kilichokatwa kwa mstari. Hicho hufunga na kufungua tachipadi, na wengi hukigusa kwa bahati mbaya pamoja na kitufe cha Fn, wakadhani kifaa kimekufa. Wakavibonyeza vyote viwili, wakangoja, wakavibonyeza tena. Bado.

Mwalimu Korongo akaruka mpaka shuleni, akarudi na kipanya cha waya. Walipokichomeka, kishale kikatembea skrini nzima.

Nyani akapiga makofi. "Imepona!"

"Haijapona," Bibi Kobe akasema. "Lakini imetueleza jambo kubwa. Skrini ni nzima, kumbukumbu ni nzima, na kilo za wanachama zipo. Nyani, ungefuta vyote hivyo kwa ajili ya kidonda cha ukucha. Ugonjwa uko kwenye kipande hiki tu."

Wakaingia kwenye mipangilio. Swichi ya tachipadi ilikuwa imewashwa. Kuna kompyuta zinazoifunga tachipadi kila kipanya kinapochomekwa, wakaangalia na hilo, halikuwa tatizo. Wakaenda kwenye orodha ya vifaa, wakaiondoa draiva ya tachipadi na kuiwasha kompyuta upya, ili Windows yenyewe iirudishe ikiwa safi. Draiva ikarudi. Tachipadi haikurudi.

"Basi yaliyo ya programu tumeyamaliza," Bibi Kobe akasema. "Iwekeni juu ya meza iliyonyooka. Mjukuu wangu, ile akiba yetu sasa itumike."

Tembo alikuwa ameitazama kompyuta ile kutoka juu. Kamati nzima iliitazama kutoka juu. Bibi Kobe, ambaye maisha yake yote ameiona dunia kutoka chini, alipopandishwa mezani, macho yake yakawa usawa wa kompyuta, akaiona kutoka ubavuni. Kitako chake kilikuwa kimetuna. Tachipadi ilikuwa imeinuka upande mmoja, na kifuniko hakikufunga sawasawa.

"Izimeni. Chomoeni chaji sasa hivi," akasema. "Tachipadi haikugoma. Imebanwa. Betri iliyo chini yake imevimba na inaisukuma juu."

Mwalimu akaeleza kwa wote kusikia. Betri ya lithiamu ikizeeka, ikakaa kwenye joto na kushindiliwa chaji usiku na mchana, kemikali zake huvunjika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, kwa hiyo mfuko wa betri hufura. Ofisi ile ilikuwa ya mabati bila dari, na Mwenyekiti alikuwa ameagiza kompyuta isichomolewe hata usiku, ili taa yake ionekane na wapita njia wajue chama kiko kazini.

"Nitatoboa gesi itoke," Nyani akasema, mwiba mkononi.

"Ukitoboa, inaweza kuwaka, na ofisi ikaungua pamoja na wewe," Bibi Kobe akasema. "Betri iliyovimba haitobolewi, haikandamizwi, haichajiwi tena. Iwekwe kwenye kivuli penye hewa, mbali na magunia, kisha iende kwa fundi."

Kazi haikusimama. Digidigi alitoa daftari na karatasi za kaboni, akaandika kilo kwa mkono, nakala moja ya mwanachama na nyingine ya chama, hadi kompyuta irudi. Foleni ikasogea. Fisi akakunja mkeka wake kabla ya adhuhuri.

Mjini, fundi Kigogota alifungua kitako, akaitoa betri kwa uangalifu, akakaza utepe wa waya uliokuwa umelegea kwa kusukumwa. Tachipadi ikalala mahali pake na kufanya kazi, ile ile ya siku zote. Kilichonunuliwa ni betri peke yake, na bei yake haikufikia posho ya kikao kile kimoja.

Kwenye mkutano mkuu Bibi Kobe aliomba neno. "Tulimhukumu aliye karibu na mikono yetu," akasema. "Tachipadi tuliiona mbovu kwa kuwa ndiyo tunayoigusa. Digidigi tulimwona mwizi kwa kuwa ndiye tunayemkuta dirishani. Miaka miwili sasa tunamuuliza kwa nini malipo ni pungufu, naye ananyamaza. Naomba vitabu vya chama viwekwe juu ya meza iliyonyooka, tuvitazame kutoka ubavuni."

Vikawekwa. Ikaonekana kwamba makato ya unyaufu, yale ya korosho kupungua uzito zikiwa ghalani, yalikuwa yakipanda kila mwezi, hata katika miezi ambayo ghala lilikuwa tupu. Digidigi aliwahi kuandika barua mbili kuuliza. Zote mbili zilijibiwa kwa onyo. Wanachama wakageuka kumtazama Kiboko, na kwa mara ya kwanza wakajiuliza amenenepea wapi katika mwaka wa ukame.

Kiboko aliondolewa ghalani na kuamriwa kurudisha kilo za watu. Azimio la kumsimamisha Digidigi lilifutwa, na Tembo akamwomba radhi mbele ya wote. Kisha mkutano ukaongeza kifungu kwenye masharti ya chama: asisimamishwe mtu wala kisinunuliwe kitu kabla muhtasari haujaonyesha tatizo lilianza lini, nini kilibadilika, na ni nani au nini kiko chini ya kile kinacholaumiwa.

Funzo lake ni hili: anayeonekana amekataa kazi huenda amebanwa. Anza na swali lisilogharimu kitu, nenda hatua kwa hatua, na usimhukumu aliye juu kabla hujamwona anayenenepa chini yake.