Mabaharia wa Jogoo Road: Abiria Saba Wanaotudai Asante

Kutoka Muthurwa hadi Donholm, jijini Nairobi, si mbali hata kidogo, ukisafiri kwa matatu saa nne usiku. Ipande njia hiyo saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha uone ilivyo bahari. Dere ana usukani, makanga ana mlango. Kazi nyingine zote za kufikishana nyumbani hufanywa na abiria wasiojuana hata majina, na wengi hushuka kabla hujawaambia asante. Hawa hapa, nimewapanga kuanzia chini. Ukikasirika kwa nafasi niliyompa wa kwako, umenifurahisha.

7. Waziri wa Dirisha

Mvua imekaza, madirisha yote yamefungwa, watu 14 wanavuta pumzi moja kwa zamu. Ndipo mmoja anafungua upenyo wa vidole viwili, bega lake linalowa, sisi tunapumua.

Hukumu: shujaa wa msimu. Ningempandisha cheo, ila Januari vumbi la Kayole likiingia, bado anasema hewa ni nzuri.

6. Mhasibu wa Siti ya Nyuma

Makanga ana noti moja ya Sh200 na watu watatu wanamdai. Dawa yake ni ileile ya miaka yote: "Hizi mgawane." Kisha anarudi mlangoni kuning'inia. Watu watatu ambao hawajawahi kuonana wamefanywa kampuni papo hapo, huyu anadai mia, wale wawili hamsini hamsini, na wa kwanza kushuka anashukia stegi inayofuata. Hapo mama wa nyuma, ambaye hata hadai chochote, anafungua kibeti, anaivunja ile noti, na haki inapatikana kabla gari halijasimama. M-Pesa tunayo tangu 2007, lakini "mgawane" haijapata dawa nyingine zaidi ya kibeti hicho.

Hukumu: akabidhiwe Hazina ya Taifa. Hata kwa wiki moja tu.

5. Mzee wa Historia

Jamu imefunga City Stadium. Dere amezima injini, na kila mtu wa Eastlands anajua maana ya injini kuzimwa. Mzee anaanza bila kuulizwa: hii barabara zamani iliitwa Doonholm Road. Kaloleni pale ni ya miaka ya 1940. Buruburu mnayojivunia ilianza kujengwa miaka ya 1970, fezi baada ya fezi. Kijana wa pembeni anabisha, mama wa mbele anawasahihisha wote wawili, mara mjadala umehamia Gor Mahia na AFC Leopards, na hakuna anayetazama saa tena.

Hukumu: wapo watakaosema mzee huyu hajamsaidia mtu. Hao walikuwa na visikizio masikioni, na jamu yao ilikuwa ndefu kuliko yetu.

4. Sauti ya Bure

Nganya inatingishika kwa muziki. Msichana wa katikati amesema "shukisha" mara tatu, kwa adabu, na hakuna aliyesikia isipokuwa jirani yake. Jirani anageuka, anavuta pumzi: "DERE! KUNA MTU HAPA!" Gari linasimama. Nadhani hata la nyuma yetu lilisimama. Sauti kama hiyo ingeuza mitumba Gikomba kutwa nzima, naye anaitoa bila malipo.

Hukumu: bila yeye, wapole wote wa Jericho wangelala Donholm.

3. Mlinzi wa Waliolala

Umetoka kazini umechoka, kichwa kimegonga kioo, umelala. Mkono unakugusa bega: "Mathe, Hamza ndiyo hii." Amejuaje unashukia Hamza? Alikusikia ukimwambia makanga, akaweka moyoni, akakulindia usingizi wako huku wake akiufukuza.

Na usipolala ana kazi nyingine. Pale Muthurwa magari yanapotambaa, umeinamia simu yako kando ya dirisha lililo wazi, unasikia maneno mawili tu: "Siste, simu." Unaiingiza ndani, na mkono uliokuwa ukija dirishani unapita mtupu.

Hukumu: hakuna kampuni ya ulinzi jijini inayofanya kazi zote mbili, tena kwa nauli yake mwenyewe.

2. "Toa Wawili"

Mfuko umeupapasa, mkoba umeumwaga mapajani, pochi hakuna. Makanga ameanza kupandisha sauti ili gari zima lijue. Kutoka siti ya mbele unatokea mkono na noti: "Toa wawili hapo." Kesi imekwisha. Hageuki kukutazama, maana anajua ukitazamwa ndipo aibu inapokolea. Ukimwomba namba umrudishie, anakwambia wacha tu.

Hukumu: mvua ikinyesha nauli hupanda, kwa hiyo aliyekulipia siku ya mvua ahesabiwe mara mbili. Najua wengi mlimtaka kileleni. Subirini.

1. Mapaja ya Jirani

Mama anapanda akitoka Marikiti: mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na gunia la sukuma na nyanya. Kabla hajapata pa kukaa, yule wa mkononi ameshapakatwa na bwana mwenye tai, anakula njugu za bwana huyo. Gunia liko miguuni pa mtu mwingine. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeombwa.

Mwaka 2004, waziri John Michuki alituletea mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na kila abiria kiti chake. Tuliokuwa tukikunjana tulinyooka, na shukrani zake anazo. Lakini sheria iligawa viti; mapaja haikuyagusa. Mtoto anayepakatwa halipi nauli, na mama mwenye wawili na gunia hana mapaja ya kutosha. Pengo hilo huzibwa na jirani kila jioni, suruali safi au la.

Ndiyo maana namba mbili alishindwa. Nauli ni pesa, hutafutwa tena. Huyu amekabidhiwa mtoto na mtu asiyemjua, akampokea kama wa dada yake, na mama akapumua kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Hukumu: kileleni, tena peke yake. Anaposhuka Buruburu, mtoto ndiye anayelia akitaka kwenda naye.

Nyinyi wa Kayole mnaosema safari yenu ni ndefu zaidi, na kwa hiyo mabaharia wenu ni bora, rufaa husikilizwa stegi ya Mutindwa jioni yoyote. Mwenye mzigo atapokewa kwanza, ndipo tubishane.