Bwana Wangu Maziwa

Achukuaye mawe kwa lori ana bwana mmoja tu, naye ni tajiri mwenye lori. Lakini achukuaye maziwa kutoka milima ya Mbooni kuteremka hadi Wote, makao makuu ya Makueni, ana mabwana wawili, na yule wa pili, aliyemo ndani ya mikebe ya alumini, ndiye mwepesi zaidi wa hasira. Maziwa hutoka kiweleni na joto la mwili wa ng'ombe, takriban nyuzi 38, na yasipowahishwa penye tangi la kupozea yakashushwa hadi nyuzi 4, vijidudu vilivyomo huzaana kwa bidii ya kutisha. Kwa hiyo sharti niende mbio. Lakini mkebe usiojaa, ukitikiswa muda mrefu juu ya barabara ya makorongo, hufanya siagi. Kwa hiyo sharti niende pole. Baina ya masharti hayo mawili ndipo nipatapo riziki yangu, na mvi zangu.

Kabla ya kupakia, hupima. Laktomita, kile kijiti cha kioo kieleacho, husema kweli bila kujali nasaba ya mtu: katika maziwa safi husoma 28 hadi 32 hivi, na yaliyotiwa maji huyatangazia aibu papo hapo. Nami sikomi kustaajabu, maana katika nchi hii ambamo mito ya Kaiti na Thwake hulala mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na akina mama huufukua mchanga huo ili wapate ndoo moja, sijui maji ya kuongezea maziwa hupatikana wapi. Mzee mmoja, alipoonyeshwa ushahidi, alinijibu kwa utulivu kamili kwamba ng'ombe wake alinyeshewa usiku.

Kipimo cha pili ni spiriti, ambayo huchanganywa na maziwa kiasi kwa kiasi, na yaliyokwisha kuanza kuchacha huganda mara moja. Chupa yake hukaa na utingo wangu, na asubuhi moja ilimmwagikia mapajani. Hatukwenda mbali tukasimamishwa na askari, ambaye alipotia kichwa dirishani alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Tuliapa, tukaeleza, hakusadiki, hata ikatulazimu kumfanyia jaribio pale pale kando ya njia, kwa matone yaliyosalia na maziwa ya mkebe wa mwisho. Kwa bahati mbaya yakaganda. Askari akayakodolea macho kitambo, akahukumu kwamba aliyelewa ni maziwa, akatuamuru tuyapeleke polepole.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya Novemba, katika mvua za vuli, ambazo Mkamba huzitegemea kuliko za masika. Mto niliouvuka alfajiri ukiwa mkavu, na mbuzi wakilala katikati yake, niliukuta adhuhuri umejaa maji mekundu yaliyobeba magogo, ilhali juu yetu jua linawaka, kwa kuwa mvua yenyewe ilikuwa imenyesha milimani huko nilikotoka. Tukangoja, watu wa bodaboda, walimu, mchuuzi wa maembe, na mimi na bwana wangu ambaye joto lilikuwa likimpanda. Ajuza mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake la pojo, akaniita.

"Mwanangu, hayo yanaharibika."

"Naam, Mwaitu, lakini si yangu."

"Njaa nayo si yako, ni yetu. Fungua."

Amri ya mama mtu mzima mbele ya umati haina rufaa. Mkebe mmoja ukafunguliwa, vikombe vikatokea nisikojua, na hata waliokuwa ng'ambo ya mto wakatupigia kelele tuwawekee.

Tulifika Wote magharibi. Spiriti haikuhitajika, kwani harufu ilitosha. Nilikuwa ninajiandaa kutukanwa, ndipo mama mmoja mwenye hoteli akachovya kidole, akaonja, akayanunua yote kuwa maziwa lala, kwa bei iliyopita ya maziwa mabichi hata tukifidia mkebe ulionyweka. Tajiri alihesabu fedha mara mbili, kimya. Na tangu hapo, kila wingu likionekana upande wa Mbooni, hunipigia simu kuniuliza kwa upole nisiouzoea iwapo mto haujajaa bado, na kama nina haja gani ya kuharakisha.