Mlokole na Kopo Lililobonyea

Aisee, nyie mnaopita hapa mnatupigia "Bwana Yesu asifiwe" kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, hebu simameni kidogo. Kahawa ipo, kashata ipo, na benchi halina dini. Leo mnajadiliwa ninyi. Msije kusema tumewateta, maana wengine hapa tunasali kanisa hilo hilo na kitabu cha nyimbo tunachangia.

Yule dada wa mkaa, genge la kona, mnamjua. Ukutani kapaka rangi ya bluu, juu yake kaandika zaburi kwa herufi kubwa. Redio yake ni mahubiri kutwa. Sasa nenda ukanunue mkaa. Kopo analopimia ni lile la rangi la lita nne. Litazame kwa juu: limejaa, lina kilima, mpaka vipande vinaporomoka. Moyo unatulia. Akishamimina, omba ulishike, uligeuze. Kitako kimegongwa kwa nyundo mpaka kimeingia ndani, ngumi yangu nzima inakaa mle! Ukimuuliza, anakwambia ndivyo lilivyotoka kiwandani. Kiwanda gani hicho, dada yangu? Rangi ya ndani si ndiyo hiyo uliyopaka ukuta wa zaburi?

Mxiuu.

Fundi viatu akamtetea. Akasema mkaa umepanda, genge la kushoto wanabonyeza, la kulia wanabonyeza, huyu akinyoosha la kwake peke yake atafunga biashara na watoto wakose ada. Hoja hiyo si ya kudharau. Mtu anayeishi kwa faida ya siku moja moja usimhubirie ukiwa umeshiba. Lakini fundi, hayo hayakuanza na mkaa wa Dar es Salaam. Fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 25. Mle Mungu anakataza mtu kutembea na mawe mawili ya mizani kwenye mfuko mmoja, kubwa na dogo. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Sisi je? Shambani tunamshindilia mkulima lumbesa, gunia linafungwa kwa kamba juu ya kilemba, bei ni ya gunia moja, na serikali imeshakataza mpaka imechoka. Mzigo ukifika mjini, kopo linabonyezwa kitako. Musa angeshushwa na fuso pale sokoni usiku asingehitaji mwenyeji wa kumweleza kinachoendelea.

Ndipo mzee wa kahawa akaingia. Huyu ni mtu wa Kagera, na akianza habari za walokole wa zamani weka kikombe chini. Uamsho uliowazaa, anasema, haukuanza na spika. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya misheni ya Gahini kule Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi pale kilima cha Namirembe, Kampala. Wakakaa na Biblia, wakaomba. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukashuka Kigezi, ukavuka kuja Bukoba na Karagwe, ukafika Kenya. Wimbo wao wa Tukutendereza mpaka leo unaimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiganda.

Lakini sikilizeni walichokuwa wakifanya hawa watu wakishatubu. Walikuwa wakirudisha. Aliyeiba mali ya misheni, anairudisha. Aliyechukua ng'ombe kwa hila, anamswaga kumpeleka kwa mwenyewe mchana kweupe, mtaa unatazama. Mwenye deni analipa, mwenye chuki anakwenda kugonga mlango. Festo Kivengere, kabla hajawa askofu, alikuwa mwalimu kijana aliyemchukia Mzungu mmoja. Alipookoka mwaka 1941, ilimbidi apande baiskeli, apige maili nyingi, akamwambie yule Mzungu ana kwa ana kwamba amemchukia na amekuja kuomba radhi. Hebu pata picha: jua, vilima vya Kigezi, baiskeli ya zama hizo, na mwisho wa safari hakuna chai unayongojewa nayo, ni aibu tupu. Hayo wenyewe waliyaita kutembea nuruni.

Mama wa vitumbua akasema tusiwapambe mno. Ni kweli. Walikuwa na ukali wao. Wengine walitangaza dhambi za chumbani mbele ya mkutano, nyumba zikabaki na kilio. Wengine waliwatazama wachungaji wao kama wapagani. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi kadhaa, akiwemo William Nagenda, kwa sababu ya mikutano yao ya alfajiri iliyokatazwa na mkuu wa chuo. Watu wa utii, wamefukuzwa kwa kutotii! Hapo mama vitumbua alicheka mpaka mafuta yakataka kuungua.

Ila mtu aliyezoea kutubu na kurudisha hadharani akija kubanwa, hakuanza kujifunza kusimama siku hiyo. Kule Kenya wakati wa Mau Mau, walokole wengi walikataa kiapo, na wengine wakakataa pia kubeba bunduki za serikali. Wakapigwa huku, wakashukiwa kule, na baadhi wakauawa. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliokoka katika uamsho huo huo mwaka 1948. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulaani mauaji. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameuawa. Sisi tunapenda kumhubiri Luwum. Mwisho wa mahubiri tunarudi sokoni kwenye kopo letu.

Kwa sababu wimbo wao tumeuhifadhi, tena kwa kinanda. Kurudisha tumekuacha. Siku hizi mtu anashuhudia alivyotolewa madeni kwa muujiza, kanisa linalipuka kwa vigelegele, na aliyemkopesha yuko safu ya nyuma anapiga makofi kwa mkono mmoja. Mtu anafunga siku arobaini kuombea biashara, na dukani kwake ukilipa anakuuliza, "Na risiti au bila risiti?" Yaani ile asilimia 18 ya VAT nayo anaifungisha.

Na huyu dada wa kazi, jamani. Bosi wake anakwenda mkesha Ijumaa, anarudi alfajiri sauti imekauka kwa kunena kwa lugha, anakuta maji ya moto yapo, chai ipo, mtoto kalala. Mwisho wa mwezi unapita. "Vumilia, mwanangu, hali ngumu." Mwezi wa pili unapita. Binti anaogopa kudai, kwa sababu akidai anaambiwa ana roho ya uasi! Sasa Walawi sura ya 19 inakataza ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Usiku mmoja tu, si robo mwaka. Na Yakobo katika waraka wake anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika kwa Mungu. Mkesha wa bosi na kelele za mshahara wa binti zimepanda pamoja, nyumba moja, usiku mmoja. Mimi ningependa kujua ni zipi zilitangulia kufika.

Tukiwa hapo hapo, nani kapita? Mzee wa kanisa mwenyewe, suti ya kijivu, Biblia yenye zipu kwapani. Akatubariki wote, akaketi, akanywa vikombe viwili na kashata. Akasimama.

"Baba," mzee wa kahawa akamwita kwa adabu zote, "na vile vya juma lililopita?"

"Mungu atakulipa, ndugu yangu."

"Amina, baba. Ila Mungu hakunywa kahawa yangu."

Benchi zima lilitazama barabarani. Mzee akajipapasa mfukoni, akatoa noti ya elfu mbili, halafu akasimama pale pale kungoja chenji yake yote.