Namna ya Kutomvika Kome Kilemba cha Ukoka

Waingereza walipomtazama kome huyu wa mwambani, ganda lake limejizungusha mviringo juu ya mviringo, wakamwita kilemba. Mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758 alimpa jina la Kilatini, Turbo, yaani pia, ile wanayochezea watoto. Wote waliona sawa. Kilemba kibaya ni kile cha ukoka, nacho tunamvika sisi tunapomwandikia sifa isiyo yake. Mwongozo huu ni wa kumwepusha nacho. Ndoo iache nyumbani. Chukua penseli na karatasi.

1. Ngoja bamvua. Maji yakipwa sana, mwamba unabaki wazi. Mchana kome hujibanza mianyani na chini ya mawe. Usiku ndipo hutoka kula mwani. Ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa. Waliojishikiza chini yake jua huwaua.

2. Piga hodi. Pindua ganda uutazame mdomo. Ukikuta mlango umefungwa, mwenye nyumba yumo. Mlango wenyewe ni kifuniko cha chokaa, kizito kama kokoto: nje kimetuna, ndani ni bapa, na ubapani pana mstari unaojizungusha kutoka kitovuni. Cha Turbo petholatus kina ukijani unaong'aa katikati, ndiyo maana huitwa jicho la paka na hutiwa kwenye pete. Mrudishe mwenyewe mahali pake. Ukiona miguu ya kaa inachungulia, huyo ni mpangaji. Kaa huyo hana ganda lake mwenyewe, na ukimtoa humo umemwacha uchi mbele ya samaki. Ganda tupu kabisa ndilo la kuchukua, tena moja, kwani wapangaji wengine wanatafuta nyumba. Na kama ufuo ni hifadhi, uliza kwanza kwa wenye dhamana.

3. Andika ukiwa bado umelowa. Usingoje ufike nyumbani. Mahali, tarehe, lilikuwa mwambani au kwenye nyasi, tupu au lina kaa, aliyeokota nani. Tumia penseli, maana wino ukiingia maji unatawanyika. Kwa mfano: "Jambiani, Unguja. Mwambani, bamvua. Tupu." Maneno matano, kisha tarehe na jina lako, na ganda limekwisha kupata kwao.

4. Usikisie kwao. Mwaka 1848 mtaalamu wa makome wa London, Lovell Reeve, alilipa ganda moja jina la Turbo japonicus, kome wa Japani. Kome huyo anaishi Mauritius, humu humu katika Bahari ya Hindi. Na sheria ya majina ya wanyama hairuhusu jina litupwe kwa sababu tu linapotosha. Basi mzaliwa wa Mauritius ataitwa Mjapani siku zote, kwa kosa la mahali tu.

5. Usidhani anayejulikana sana ana jina. Wajapani humchoma kome wao, sazae, juu ya makaa akiwa ndani ya ganda lake, wakamdondoshea mchuzi wa soya. Vitabu vya sayansi vilimwita Turbo cornutus. Jina hilo lilitoka kwenye orodha ya mnada wa London wa mwaka 1786, iliyoandikwa na mchungaji John Lightfoot, pale makusanyo ya marehemu Margaret Bentinck wa Portland yalipouzwa kwa siku 38. Mwaka 1995 wataalamu wawili waligundua kwamba kome wa China si yule wa Japani, wakampa wa China jina jipya. Mwaka 2017 Hiroshi Fukuda wa Chuo Kikuu cha Okayama alirudi kwenye maandishi ya kale akakuta kinyume chake: cornutus ndiye huyo wa China. Aliyekuwa hana jina ni yule wa Japani, anayeliwa miaka yote hiyo. Akamwita Turbo sazae. Fumbo hilo lilifumbuliwa kwa kusoma karatasi.

6. Usimvue nguo. Turbo marmoratus ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo huu, na ganda lake hujaza viganja viwili. Chini ya koti lake la kijani lenye mabaka kuna lulumizi, na mafundi wa Japani wamekuwa wakiipachika kwenye vyombo tangu zama za kale. Vifungo vya nguo pia vimechongwa humo, na visiwa vingi vya Pasifiki vimebaki na wachache wa aina hiyo kwa kuvuliwa kupita kiasi. Ganda lililokwanguliwa kwa tindikali hadi likang'aa linapendeza kabatini, lakini rangi na matuta yake, ambayo ndiyo yanayomtambulisha, yamekwenda nayo. Lioshe kwa maji matamu, lianike kivulini, basi.

7. Walaze pamoja. Ganda na karatasi yake viingie kisanduku kimoja. Vikitengana, ganda linabaki pambo. Vikikaa pamoja, atakayekifungua baada ya miaka 200 atajua kwamba siku fulani, Jambiani, kome wa aina hii aliishi. Huenda wakati huo mwambani pale hayupo tena, na maneno yako matano ya penseli ndiyo ushahidi kwamba alikuwepo. Kwa hiyo andika kweli, na mwandiko usomeke.