Hodi kwa Bwana Pruyn

Tajiri akiamua kujificha, hujificha kweli. Robert C. Pruyn, mkuu wa benki moja ya Albany, alijijengea nyumba ya mapumziko mwaka 1892 na 1893 katika misitu ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York, akaiweka kando ya ziwa Newcomb, karibu kilomita 8 kutoka langoni. Yeye na wageni wake walivutwa na farasi. Leo nyumba hiyo, Camp Santanoni, ni mali ya umma, magari ya wageni ni marufuku, na mlalahoi anayetaka kuona wenzake walivyokula bata achague mwenyewe: miguu, baiskeli, au ski theluji ikianguka.

Habari ya ski haikujadiliwa. Shemeji yangu alisema mtu aliyezaliwa Kahama hafungi mbao miguuni kwa hiari yake. Tukasubiri Juni, tukakodi baiskeli.

Tatizo la kwanza lilikuwa pilau. Shemeji alitokea na hotipoti kubwa, kwa sababu mgeni haendi kwa watu mikono mitupu. Nikamweleza kwamba huko hakuna watu, ni nyumba ya kihistoria. "Nyumba yote hiyo haina hata wa kusema karibu?" Akaizunguka baiskeli aliyokodishwa, akitafuta pa kufunga hotipoti. Gia kibao, karia hakuna. Yeye amekulia kwenye Phoenix ya baba yake, baiskeli iliyobeba magunia ya mpunga, mbuzi, na siku moja mama mjamzito, wote juu ya karia. Baiskeli isiyobeba kitu, kwake yeye, ni mapambo. Pilau ikaingia kwenye begi la mgongoni.

Njia ni ya changarawe, pana, na mwanzoni inapanda taratibu kiasi cha kukudanganya. Tulipofika kwenye mabaki ya shamba, kule Pruyn alikofuga ng'ombe wa maziwa, mnyororo wangu ukachomoka. Ghala kubwa la shamba liliteketea mwaka 2004, ila jengo la mawe la kusindikia maziwa bado limesimama, na kivulini mwake shemeji akaipindua baiskeli, matairi juu. Akachukua kijiti, akaunasa mnyororo, akazungusha pedeli pole pole mpaka meno yakashika. Fundi kweli. Tabu ni kwamba usubi wa Adirondack, ambao Juni hauna kazi nyingine, ulikwishagundua masikio yake. Kila ukimng'ata alijipiga kofi, na kila kofi liliacha vidole vinne vya grisi. Mnyororo uliporudi, shemeji alikuwa na mashavu ya mtu aliyezabwa makofi na ukoo mzima.

Hapo ndipo gari la farasi likatupita, maana hilo linaruhusiwa, limejaa vikongwe waliovaa kofia safi. Walitupungia mkono kwa huruma ya waziwazi.

Mteremko wa kuelekea ziwani ulikuwa mtamu hadi breki zangu zilipoanza kulia na mfuniko wa hotipoti ukalegea. Mafuta yakashuka mgongoni mwa shemeji. Tuliwasili tukinukia kama jikoni la harusi, katika msitu wenye dubu.

Nyumba yenyewe, nakiri, inanyamazisha mdomo. Magogo ya misonobari, zaidi ya miti elfu moja, na vyumba vilivyotengana vikiunganishwa na paa moja na baraza refu. Baba yake Pruyn alikuwa balozi wa Abraham Lincoln kule Japani, na kijana alikwenda naye, ndiyo maana jengo lina sura ya Kijapani. Husemwa kwamba paa lake, likitazamwa kutoka angani, lina umbo la ndege feniksi.

"Feniksi?" Shemeji akasimama. "Kama baiskeli ya mzee?" Kuanzia hapo akamheshimu marehemu Pruyn. Akapanda barazani, akapiga hodi mara tatu kwa sauti ya kijijini.

Mlango ukafunguka. Binti mwongoza wageni alichungulia, akayatazama mashavu yale kwa muda, asiulize. Nadhani alidhani ni mila. Akatuingiza sebuleni, kuta zimebandikwa magome ya mti wa betula, meupe yenye mistari myembamba, utadhani karatasi. Shemeji aliyagusa kwa mgongo wa mkono, sehemu pekee iliyokuwa safi, kisha akafungua hotipoti, akamkaribisha mwenyeji pilau nyumbani kwake. Binti alikula barazani, akilitazama ziwa, akaomba aongezewe.

Usiku, kule Kahama kukiwa kumekucha, mama mkwe akapiga simu kuuliza mapokezi yalikuwaje. Shemeji akamwambia ukweli: mbao nzuri, ziwa zuri, chakula tulipeleka wenyewe, mwenye nyumba alifariki mwaka 1934.

"Masikini," mama akasema. "Rambirambi mlitoa?"