Sifa za Kitochi

Simu za kupangusa hazihitaji mtetezi. Zina mabango barabarani na wasanii wa kuzitangaza. Kitochi, ambacho jirani zetu Wakenya wanakiita mulika mwizi, kimelazwa chini ya kioo cha kaunta pale Kariakoo, kikimsubiri mteja aliyeibiwa simu yake nzuri jana jioni. Mimi ndiye nitakayekisifu.

Kwanza, kimetoka ukoo mzuri. Nokia 1100 iliingia sokoni mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani, vitufe vilivyozibwa vumbi lisipenye na ubavu usioteleza hata mkono ukiwa na jasho. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Wajukuu zake wa Kichina wameongeza laini mbili, redio, na spika inayotangaza mazungumzo yako kwa daladala nzima. Abiria wote wakishajua unadaiwa na nani, huna tena siri ya kuibiwa mtandaoni.

Kitochi pia hufundisha subira. Kuandika herufi s peke yake ni kubonyeza 7 mara nne. Anayetaka kumtukana mtu kwa namna hiyo hasira humwisha kabla hajafika neno la pili, na ndiyo maana mwenye kitochi hana maadui wa mtandaoni. Anao wa kawaida tu.

Lakini utukufu wake wote huonekana msimu wa harusi. Wenzako wanaamka wakiwa wameshaungwa kwenye grupu la kamati bila kuulizwa. Orodha ya ahadi inapita, kila mtu anainakili na kuongeza jina lake chini, na shemeji mmoja ameweka laki mbili ili kuwatia wengine aibu. Wewe humo. Hukuona kadi, hukusikia sauti ya mwenyekiti ya dakika nne, na wala hukulazimika kuandika "amina". Umelala.

Kisha mweka hazina anapiga simu ya kawaida. Hapo kitochi humgeuka mwenyewe. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na ilipoingia Tanzania mwaka uliofuata, ilikusudiwa ifanye kazi kwenye simu za namna hii hii. Bonyeza *150*00#, fuata menyu, weka namba ya siri, mchango umekwenda. Intaneti haikuhitajika. Kifaa ambacho hakiwezi kukuonyesha hata picha ya bibi harusi kinaweza kukuchukulia pesa za shughuli yake kabla hujapata udhuru.

Huko Marekani wameligundua jambo hili kwa kuchelewa. Kampuni ya Light ya New York ilianza mwaka 2015 kuchangisha fedha za kutengeneza simu ya kupiga na kupokea tu, na toleo la pili, lisilo na mitandao ya kijamii wala intaneti ya kuperuzi, liliuzwa kwa mamia ya dola. Mlinzi wa getini kwetu anao utulivu huo huo, na chenji ilibaki.

Wabishi watasema maisha ya leo hayawezekani bila simu janja. Mbona mwenye kitochi anazo nyingi kuliko wao? Ana ya mkewe, ya binti yake, ya muuza duka, na iliyo bora kuliko zote, ya Mama Asha. Mwalimu akituma kazi za watoto kwenye grupu la wazazi, yeye hujitokeza mlangoni saa mbili usiku: "Mama Asha, hebu nitazamie mwalimu kasema nini." Fundi akitaka kumtumia picha ya kipuri, humpa namba ya Mama Asha. Simu ya mama wa watu imejaa risiti, vipuri na matangazo ya vikao vya ukoo usio wake. Bando analipa yeye, na mwenye kitochi huenda kulala akimhurumia kwa jinsi alivyotekwa na mitandao.

Siku bando hilo likikata, hulalamika yeye kuliko wote kwamba teknolojia za siku hizi si za kutegemea, kisha huvuka barabara kubisha hodi kwa Baba Juma, ambaye amejiunga la mwezi mzima.